Kipimo Kinachosoma Sifuri: Kisa cha Vepu na Vijana wa Kimaori nchini Nyuzilandi

Mwaka 2022, katika utafiti ambao ASH, shirika linalopambana na uvutaji wa sigara, huufanya kila mwaka miongoni mwa wanafunzi wa Nyuzilandi wenye umri wa miaka 14 na 15, mwanafunzi mmoja kati ya kumi alisema kwamba anavuta sigara ya kielektroniki, yaani vepu, kila siku. Kwa Wamaori, ambao ndio wenyeji asilia wa visiwa hivyo, kiwango kilikuwa asilimia 21.7, na kwa wasichana wa Kimaori kilifika asilimia 25.2, yaani binti mmoja kati ya wanne. Mwaka 2019 kiwango cha wanafunzi wote kilikuwa asilimia 3.1 tu. Kisa ninachokichambua hapa ni hicho: jinsi chombo kilichoruhusiwa ili kiwaondoe watu wazima kwenye sigara kilivyowafikia watoto ambao wengi wao hawakuwa wavutaji, kwa nini kiliwapata zaidi watoto wa jamii moja, na kwa nini watoto hao, walipotaka kuacha, walikuta huduma ambazo hazikuandaliwa kwa ajili yao.

Takwimu hizo haziwezi kueleweka bila historia ya tumbaku katika visiwa hivyo. Wamaori hawakuwa na tumbaku kabla ya kufika kwa Wazungu. Ililetwa na mabaharia, wawindaji wa nyangumi na wafanyabiashara, na haikuchukua muda ikawa kitu cha kubadilishana kwa viazi, nguruwe, kazi na hata ardhi. Tarehe 6 Februari 1840, machifu waliotia saini Mkataba wa Waitangi, ambao ndio msingi wa dola ya Nyuzilandi ya leo, walipewa mablanketi mawili kila mmoja pamoja na tumbaku. Vizazi kadhaa baadaye hesabu ya zawadi hiyo ilikuwa ikisomeka hospitalini. Mwaka 2011/12 zaidi ya theluthi moja ya watu wazima wa Kimaori walikuwa wakivuta sigara kila siku, na saratani ya mapafu ndiyo iliyoongoza kwa kuwaua miongoni mwa saratani zote.

Jamii yenyewe haikukaa kimya. Mwaka 2010 Kamati ya Bunge ya Masuala ya Wamaori iliendesha uchunguzi kuhusu tumbaku, ikawaita wakuu wa makampuni kujieleza, na pendekezo lililotoka humo likawa lengo la taifa zima mwaka 2011: ifikapo 2025, uvutaji wa sigara nchini uwe karibu umetoweka. Ni muhimu kulikumbuka hili, kwa sababu mara nyingi wenyeji asilia huandikwa kana kwamba wao ni wagonjwa wanaosubiri kuokolewa, ilhali katika jambo hili wao ndio waliolishika taifa mkono.

Vepu iliingia katikati ya mapambano hayo. Mwaka 2018 mahakama moja ya wilaya iliamua, katika shauri lililoihusu kampuni ya sigara ya Philip Morris, kwamba vijiti vyake vya tumbaku ya kupashwa joto bila kuchomwa vilikuwa halali kuuzwa, na Wizara ya Afya ikakubali kwamba uamuzi huo unagusa pia bidhaa za vepu zenye nikotini. Kuanzia hapo soko lilikua kwa zaidi ya miaka miwili bila sheria iliyotungwa mahsusi kwa ajili yake. Sheria ilipopitishwa mwaka 2020 na kuanza kutumika Novemba mwaka huo, ilikataza matangazo na kuwauzia walio chini ya miaka 18. Ilikataza pia maduka ya kawaida, vituo vya mafuta na maduka makubwa kuuza ladha yoyote isipokuwa tumbaku, minti na mentholi, huku ladha nyingine zote zikiachiwa maduka maalumu ya vepu, ambayo kwa kawaida yalitakiwa kupata angalau asilimia 70 ya mauzo yao kutokana na bidhaa hizo.

Katika karatasi utaratibu huo unaonekana wa busara. Mitaani mambo yalikuwa mengine. Mwenye duka la pembeni, lile linalouza mkate, maziwa, barafu tamu na magazeti, alikata kona ya duka lake kwa ubao au kioo, akaiwekea mlango na mahali pake pa kulipia, kisha akaiandikisha kuwa duka maalumu. Kwa macho ya sheria hayo yalikuwa maduka mawili tofauti. Kwa mtoto anayetumwa mkate, lilikuwa duka lilelile alilolizoea, lenye chumba cha pembeni kinachong'aa kwa visanduku vya embe, tikitimaji na zabibu. Maduka maalumu yalipita elfu moja katika nchi yenye watu milioni tano. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyeishuhudia shisha kabla haijapigwa marufuku Tanzania mwaka 2016 na Kenya mwishoni mwa 2017 hahitaji kuelezwa kazi ya ladha ya tunda: inamwondolea mgeni kikohozi cha kwanza, ambacho ndicho onyo la mwili wake.

Kazi hiyo ya kuondoa onyo ilikamilishwa na kemia. Nikotini ya kawaida, ikiwa kali, huwasha koo kiasi kwamba anayeanza hushindwa kuendelea. Watengenezaji waligundua kwamba ikichanganywa na asidi, kama ile ya benzoiki, inakuwa nikotini ya chumvi, inayovutika kwa ulaini hata kikiwa kiwango kikubwa. Kanuni za awali za Nyuzilandi ziliruhusu hadi miligramu 50 za nikotini ya namna hiyo katika kila mililita, wakati Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa zimeweka kikomo cha miligramu 20. Baadaye kikomo kilishushwa, lakini kwa mwanafunzi aliyeanza mwaka 2021 kushuka huko kulikuja akiwa tayari amekwisha kufungwa. Tena bei ilikuwa upande wa vepu: pakiti ya sigara 20 ilikuwa imefikishwa na kodi kwenye dola 35 za nchi hiyo na zaidi, ilhali vepu ya kutumia na kutupa ilipatikana kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Haki inataka upande wa pili nao usemwe, na usemwe kwa uzito wake. Miongoni mwa watu wazima wa Kimaori uvutaji wa kila siku ulishuka kutoka zaidi ya theluthi moja mwaka 2011/12 hadi chini ya asilimia 15 mwaka 2023/24, na mteremko wa miaka ya mwisho ulikwenda kwa kasi sambamba na kuenea kwa vepu. Wapo akina mama waliovuta sigara kwa miaka thelathini, wakajaribu mabandiko na chingamu za nikotini wakashindwa, kisha wakaacha kwa msaada wa vepu. Moshi wa sigara una lami na hewa ya kaboni monoksaidi ambavyo mvuke wa vepu hauna, na kwa mtu aliyekwisha kuwa mvutaji badiliko hilo ni nafuu ya kweli. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na shangazi ambaye vepu imemtoa kwenye sigara, na mpwa wake ambaye amejifunza nikotini kwa kuichukua vepu hiyohiyo mezani. Ugumu mkubwa wa kisa hiki uko hapo, kwa sababu ujumbe wowote unaosema vepu ni sumu tu unamtisha shangazi arudi kwenye sigara, na ujumbe wowote unaosema vepu ni salama unamfikia mpwa kwanza.

Hata hivyo hoja kwamba watoto hao wangevuta sigara kama wasingevuta vepu haikubaliani na hesabu. Mwaka 1999 asilimia 15.6 ya wanafunzi wa umri huo walivuta sigara kila siku, na kufikia 2019 waliobaki walikuwa kama asilimia 2. Sehemu kubwa ya mteremko huo ilitokea kabla vepu haijawa na nguvu yoyote nchini. Mwaka 2022, wavutaji wa sigara wa kila siku walikuwa asilimia moja hivi na wa vepu asilimia 10. Hata kama vepu ingekuwa imewaokoa wote ambao wangevuta sigara kwa kiwango cha 2019, bado wengi wa waliovuta vepu wanabaki bila maelezo isipokuwa kwamba ni wateja wapya wa nikotini.

Wateja hao wapya waliumia vipi? Ni vema kutenganisha hofu na ukweli. Ugonjwa wa mapafu wa wavuta vepu uliolaza Wamarekani 2,807 hospitalini au kuwaua, wakiwamo 68 waliofariki hadi Februari 2020, ulihusishwa hasa na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika vimiminika vya bangi vya magendo, na kumtishia nao mwanafunzi wa Auckland ni kumfanya asikuamini utakapomwambia mengine. Madhara yanayomgusa kila siku ni ya uraibu wenyewe. Ubongo wa kijana hujengwa hadi katikati ya miaka ya ishirini, na nikotini huingilia sehemu zinazohusika na umakini, kujifunza na kuzuia misukumo. Kadiri mtu anavyoanza mapema ndivyo minyororo inavyokuwa migumu kukatika. Mvuke nao huwasha njia za hewa, na kwa mwenye pumu, maradhi ambayo Wamaori huugua kuliko wenzao, kikohozi na kubanwa kifua huzidi.

Tuichukue siku ya kawaida ya binti wa miaka 14 aliyefikia hali hiyo. Si mtu mmoja ninayemfahamu, bali ni sura ya jumla ya uraibu wa umri huu. Anaamka na kuitafuta vepu chini ya mto kabla hajanawa uso. Darasani, baada ya saa moja au mbili, anaanza kuhisi kile ambacho mitaani kwetu huitwa arosto: vidole havitulii, hasira iko karibu, maneno ya mwalimu hayashikiki. Anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Anavuta mara tatu, anatulia, na utulivu huo anauhesabu kuwa dawa ya wasiwasi wake, asijue kwamba wasiwasi ule ulitokana na nikotini ya mvuto uliotangulia. Usiku analala vibaya. Akiulizwa kwa nini anavuta, atajibu kwamba inamsaidia na mawazo, na atakuwa anasema ukweli kama anavyouona.

Shule nyingi zilijibu kwa kufunga vitambuzi vya mvuke vyooni, kufunga baadhi ya vyoo nyakati za masomo, na kuwasimamisha masomo waliokamatwa. Naelewa shinikizo la mwalimu mkuu ambaye wazazi wanamlalamikia kwamba watoto wao wanaogopa kuingia chooni. Lakini kumsimamisha mraibu kunamtoa mahali penye mwalimu na rafiki na kumrudisha nyumbani, siku nzima, peke yake na vepu yake. Na kwa kuwa wanafunzi wa Kimaori tangu zamani husimamishwa masomo kwa kiwango cha juu kuliko wenzao, adhabu hiyo iliongeza pengo ambalo lilikuwapo kabla ya vepu.

Aliyetaka kuacha alikwenda wapi? Nyuzilandi ina huduma za kuacha sigara ambazo nchi nyingi zingezionea wivu: simu ya bure ya Quitline, washauri waliosambaa nchi nzima, mabandiko, chingamu na pipi za nikotini kwa bei ya ruzuku. Kosa liko katika kipimo. Huduma hizo zilijengwa kwa ajili ya mvutaji wa sigara, na mafanikio yake huhesabiwa wiki nne baada ya siku ya kuacha, kwa mteja kupuliza ndani ya kifaa kidogo kinachosoma kaboni monoksaidi katika pumzi yake. Vepu haichomi kitu, kwa hiyo haitoi hewa hiyo. Binti niliyemweleza hapo juu akipuliza katika kifaa hicho, hata kama amevuta dakika tano zilizopita, kitasoma kama cha mtu asiyevuta kabisa. Kwa mujibu wa kipimo, yeye hana tatizo. Shangazi yake aliyehamia kwenye vepu anahesabiwa kuwa mafanikio, na ni sawa. Lakini mfumo uliowekwa kumhesabu shangazi haukuwa na safu ya kumwandika mpwa. Kwa maoni yangu hili lilidhuru zaidi kuliko upungufu wowote wa elimu, maana vijana wengi walikwisha kujua kwamba wamenaswa. Walichokosa ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwapokea.

Hoja kwamba hakuna kinachojulikana kuhusu kumsaidia kijana kuacha vepu imepitwa na wakati. Nchini Marekani, mpango wa ujumbe mfupi wa simu ulijaribiwa kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba baada ya miezi saba asilimia 37.8 ya walioupokea walikuwa hawavuti, ikilinganishwa na asilimia 28 ya wasioupokea. Mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya dawa ya vareniklini kwa wenye miaka 16 hadi 25: mwishoni mwa wiki 12, asilimia 51 ya walioimeza walikuwa wameacha, na asilimia 14 ya waliomeza kidonge kisicho na dawa, wote wakipewa ushauri nasaha. Miezi mitatu baadaye tofauti ilikuwa 28 kwa 7. Takwimu hizi zinatia moyo na pia zinafundisha subira, kwa sababu hata penye msaada bora wengi hurudia, na kurudia ni sehemu ya kuacha.

Ila utafiti huo haukufanywa miongoni mwa Wamaori, na hapa ndipo uzoefu wao wenyewe unapopaswa kuongoza. Zaidi ya miaka kumi iliyopita yaliendeshwa Nyuzilandi mashindano yaliyoitwa WERO, ambayo vikundi vya wavutaji kumi, ndugu, wafanyakazi wenza au wachezaji wa timu moja, viliacha sigara kwa pamoja kwa miezi mitatu, wakitazamana na kutiana moyo, na zawadi ya kundi lililoshinda ikaenda kwa shughuli ya kijamii waliyoichagua. Nguvu ya utaratibu huo haikuwa fedha. Mtu aliyeona aibu kuacha kwa ajili yake mwenyewe alikuwa na watu tisa asiotaka kuwaangusha. Kwa kijana wa leo kundi hilo lipo tayari: ni timu ya raga, ni wapiga kasia wa mitumbwi ya jadi, ni kikundi cha ngoma ya haka ambacho kinashindana na shule nyingine na ambacho mapafu ndiyo mtaji wake. Mshauri anayeingia hapo akifuatana na mwalimu wa ngoma, akazungumza na mabinti kumi pamoja, atafika mbali kuliko yule anayesubiri ofisini simu ya binti mmoja. Pumzi kwa Wamaori ina heshima yake. Salamu yao ya hongi, ya kugusanisha pua na paji la uso, ni kushirikiana pumzi, na kampeni ya kitaifa ya mwaka 2023 iliyowaasa vijana kuilinda pumzi yao iligusa jambo walilokua nalo.

Msaada huo hauwezi kuishia kwa kijana, kwa sababu wengi hupata vepu kwa ndugu na marafiki. Familia pana, whānau, lazima iwe chumbani: shangazi aambiwe kwamba hakuna anayemnyang'anya kilichomwokoa, ila chombo chake akiweke mahali ambapo mtoto hafiki, naye akiwa tayari kupunguza nguvu ya nikotini hatua kwa hatua, apunguze pamoja na mpwa wake. Mazungumzo ya namna hiyo huhitaji saa nzima na mtu anayejulikana pale nyumbani. Australia imejaribu njia iliyo karibu na hii. Tangu 2010 ina mpango wa kitaifa wa kukabiliana na uvutaji miongoni mwa Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, unaoendeshwa na timu za mikoani zinazotoka ndani ya jamii hizo, na mwaka 2023 serikali ilitenga dola milioni 141 za Australia ili mpango huo uendelee na uihusishe vepu rasmi. Neno hilo moja kuongezwa katika mkataba lina maana kubwa, maana mshauri anaruhusiwa kutumia muda wake wa kazi kwa mtoto ambaye hajawahi kuwasha sigara.

Nyuzilandi nayo imebana uuzaji. Tangu Septemba 2023 duka jipya maalumu la vepu haliruhusiwi ndani ya mita 300 kutoka shule au marae, ambayo ni viwanja na kumbi za koo za Kimaori, na tarehe 17 Juni 2025 vepu za kutumia na kutupa zilipigwa marufuku. Katikati ya hatua hizo, Februari 2024, serikali mpya ilifuta sheria ya 2022 ambayo ingewazuia waliozaliwa kuanzia Januari 2009 kuuziwa tumbaku maisha yao yote, ingepunguza maduka ya tumbaku kutoka kama 6,000 hadi 600, na ingeondoa karibu nikotini yote kwenye sigara. Viongozi wengi wa afya wa Kimaori walipinga kufutwa huko waziwazi, na mimi naona walikuwa na haki: mraibu wa vepu wa miaka 16 anayekosa mvuke bado atakuta sigara yenye nguvu kamili katika duka lilelile la pembeni.

Mwaka 2024 kiwango cha wanafunzi wote wanaovuta vepu kila siku kilishuka hadi asilimia 8.7. Ni habari njema, lakini wale waliohesabiwa mwaka 2022 sasa wamekua, wamekwisha kutoka katika dodoso la shule, na wengi wao wamefikia umri wa kununua kihalali. Hao ndio wanaopaswa kutafutwa kwa majina kupitia shule walizosoma, timu na marae zao, kabla ya kampeni nyingine kuandaliwa kwa ajili ya wadogo zao. Na mikataba ya huduma za kuacha sigara iandikwe upya ili kijana asiyevuta sigara ahesabiwe kwa maelezo yake mwenyewe au kwa kipimo cha mate kinachoonyesha kotinini, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na nikotini, iwe imeingia kwa moshi au kwa mvuke.